Daftari Jeusi la Paraschiva

Paraschiva alikuwa na madaftari mawili, moja jeusi na moja la buluu. Katika moja aliandika majina ya wazima, katika jingine majina ya marehemu. Kila Jumapili aliyabeba kanisani ndani ya mfuko wa plastiki, akamkabidhi padri, na padri akayasoma majina yale kwa kunong'ona madhabahuni, mbele ya Mungu, wazima kwa zamu yao na marehemu kwa zamu yao. Mumewe, Toader, alimwona akifanya hivyo miaka arobaini. Hata siku moja hakuuliza daftari lipi ni la nani. Angeulizaje? Mtu anayejua kusoma hulifungua akaona mwenyewe. Na kwa watu wote wa kanisa la Waromania pale Hamilton, Canada, Toader alikuwa mtu anayejua kusoma.

Hakujua. Alijua kuandika jina lake tu, kwa ajili ya hati na mshahara, nalo alilichora kama mtu anavyochora nyumba.

Sasa Paraschiva amekufa, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo arobaini yake. Madaftari yalikuwa juu ya meza ya jikoni, pale pale alipoyaacha. Toader aliyatazama tangu Jumatatu.

Binti yao, Steluța, alipiga simu.

"Baba, daftari la marehemu utaliandaa wewe au nije?"

"Nitaliandaa."

"Uongeze jina la Mama tu. Mengine yote yamo."

"Nimesema nitaliandaa. Mimi mtoto?"

"Sawa, sawa. Usisahau miwani."

Akakata simu, akaketi. Alifungua daftari moja, akafungua la pili. Ukurasa wa kwanza wa kila moja ulikuwa na msalaba tu, bila jina, kwa maana Paraschiva alichora msalaba juu ya kila kitu, hata juu ya donge la unga kabla halijaumuka. Msalaba haukumsaidia, wala hakufunua zaidi. Akatazama majalada. Nyeusi ni ya msiba. Nani angefikiri vingine? Akalichukua jeusi.

Jina la mkewe alilifuata makaburini. Alikwenda na penseli na kipande cha boksi la biskuti, akalinakili kutoka kwenye msalaba wa mbao, herufi moja moja. Ya kwanza aliifahamu, ni ile ya mabango ya maegesho ya magari. Ya tano, iliyopinda kama nyoka, ilimtoa jasho. Akarudi nyumbani, akalifungua daftari jeusi kutoka nyuma, akaliandika chini ya jina la mwisho. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima. Alipomaliza aliona fahari kidogo, halafu aibu ikamshika. Alikuwa mume wa mwanamke huyu miaka hamsini na minane, na hii ndiyo mara ya kwanza ameandika jina lake.

Paraschiva alizaliwa nchi ya kwao, milimani, upande wa Suceava, binti wa mpiga kengele wa kanisa. Toader alikuwa mchunga kondoo wa watu. Alitolewa shule darasa la pili, akapelekwa malishoni, hakurudi. Walioana mwaka wa sitini na sita. Wiki ya kwanza ya ndoa barua ilifika kutoka kwa kaka yake Toader aliyekuwa jeshini. Paraschiva alimpa mumewe asome. Toader akaigeuza huku na huku. Akasema macho yanamwuma.

Paraschiva alimtazama. Akaichukua barua, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, akaikunja.

"Basi macho yakikuuma nitakuwa nasoma mimi," alisema.

Jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwao.

Mwaka wa themanini na moja Toader alivuka mpaka kwa kutoroka kwenda Yugoslavia, na kutoka huko akafika Canada, akapata kazi kwenye tanuri la kuyeyushia chuma. Mke na mtoto walibaki. Paraschiva aliandika. Barua nne za kwanza Toader hakumpa mtu azisome, aliona aibu. Alizitia chini ya godoro, hakujibu. Barua ya tano haikuwa na maneno. Ilikuwa na kuku watatu, jiko linalofuka moshi, msichana mwenye pengo la meno, na mwanamke aliyepiga magoti. Hiyo Toader aliisoma. Akamrudishia mchoro wa tanuri, na mwanamume mdogo pembeni yake.

Walikaa hivyo miaka mitatu, wakichorana.

Paraschiva alipofika hatimaye, alishuka na Steluța mkononi, sanduku moja, na muhuri wa mbao aliorithi kwa mama yake, ule wa kugonga juu ya mikate ya madhabahuni. Wiki hiyo hiyo alimnunulia Toader miwani. Vioo vitupu, haikusaidia macho wala haikudhuru. Alimtilia mfukoni.

"Hii uwe unaisahau nyumbani," alimwambia.

Ndivyo walivyoishi. Kanisani wakimtaka Toader asome waraka, Paraschiva alidakia, "Kasahau miwani, huyu mume wangu, kichwa chake kama chujio!" Watu wakacheka, akasoma mwingine. Benki, kasahau miwani. Kwa daktari, kasahau miwani. Mke alikubali aonekane ana mume msahaulifu, miaka nenda miaka rudi, ili mume asionekane alivyo.

Mchana alifagia kliniki ya meno. Jumamosi alioka mikate ya madhabahuni. Jumatano na Ijumaa hakula nyama, maziwa wala yai, na Toader naye hakula, maana hakupikiwa. Steluța alipojifungua Sabina na kurudi kazini, Paraschiva ndiye aliyemlea mjukuu. Sabina alijua kujipiga ishara ya msalaba kabla hajajua kushika kijiko.

Na huyu mwanamke, Toader alimwonea aibu.

Lazima lisemwe. Alimwonea aibu kwa kitambaa chake cha kichwani, kilichofungwa chini ya kidevu kama kule kijijini. Aliona aibu kupanda naye basi, kwa sababu kila walipopita kanisa alijipiga ishara, mara tatu, kwa mkono mpana. Mji ule una makanisa mengi. Siku moja alijipiga ishara mbele ya jengo kubwa lenye kuba.

"Hiyo ni benki, Mama Steluța!" Toader alimnong'oneza.

"Ni benki? Basi nao waombewe, wana kazi kubwa."

Watu wawili waligeuka kuwatazama. Tangu siku hiyo Toader alianza kutembea hatua kumi mbele yake. Paraschiva alifikiri ni mwendo wake wa mchunga kondoo.

Au hakufikiri hivyo. Toader sasa hakuwa na hakika na chochote alichodhani mkewe alifikiri.

Kisa kibaya zaidi kilitokea Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa themanini na nane. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wa tanuri wameketi nje karibu na lango. Toader alimwona Paraschiva akija kando ya uzio, kitambaa kichwani, viatu vya mpira miguuni, kapu mkononi. Hakuwa ameambiwa aje.

"Nani huyo mtawa, Teddy?" aliuliza Wayne. Kazini walimwita Toader Teddy. Wayne alikuwa mcheshi wa kikosi, akicheka yeye wote wanacheka.

"Mama mmoja wa kanisani," Toader alisema. "Anagawia watu mayai."

"Nilidhani mkeo."

"Mke wangu? Hapana bwana! Mimi na huyo wapi na wapi?"

Wote wakaangua kicheko. Toader naye akacheka. Alipogeuka, Paraschiva alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale.

Alimpa kila mtu yai jekundu la Pasaka na kipande cha mkate mtamu. "Jina nani?" alimwuliza kila mmoja, kwa Kiingereza chake cha kubahatisha.

"Wayne."

"Wayne," alirudia polepole, kama anayeonja mchuzi.

Toader alipewa yai la mwisho. Hakuulizwa jina.

Jioni Paraschiva alimpakulia supu ya maharage. Alisema mayai yalitosha. Hakusema kingine, siku hiyo wala siku yoyote. Toader akajiambia hakusikia. Na kama alisikia, Kiingereza kilimpita. Alijiambia hivyo miaka thelathini na sita. Wayne alistaafu, akahamia mbali, na Toader bado alikuwa anajiambia. Hospitalini, siku za mwisho, aliinama karibu na mto.

"Mama Steluța. Ile siku ya mayai..."

"Umekula?" Paraschiva aliuliza, macho yamefumba.

"Nimekula."

"Vizuri." Akalala.

Jumamosi ya arobaini kanisa lilijaa. Padri wao alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, kwa hiyo alikuja padri mgeni kutoka mji wa Kitchener, kijana asiyemjua mtu. Juu ya meza mbele ya madhabahu palikuwa na sahani ya ngano ya marehemu, ngano iliyochemshwa ikachanganywa na asali na kokwa za jozi, juu yake sukari nyeupe na msalaba wa pipi. Steluța aliipika pamoja na Bi Saveta, jirani wa miaka yote, mwanamke ambaye ulimi wake haukulala.

"Nani kamwaga sukari yote hii?" Bi Saveta alikuwa anasema. "Marehemu hakuwa na kisukari akiwa hai, mnataka akipatie huko aliko?"

"Wewe ndiye uliyelishika bakuli, Bi Saveta," alisema Pamfil, mwimbaji wa kanisa, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake.

"Mimi nilishika bakuli. Sukari sikushika."

Toader alimkabidhi padri daftari jeusi kwa mikono miwili. Akarudi mahali pake. Alikuwa amevaa suti aliyoivaa siku ya arusi ya Steluța. Alijisikia mtu aliyetimiza wajibu wake.

Padri alifungua daftari, akapaza sauti kuwaombea watumishi wa Mungu waliolala katika matumaini ya ufufuo.

"Toader," alisoma.

Hakuna aliyeshtuka. Akina Toader waliokufa ni wengi.

"Way... Wayne," alisoma padri, akakunja uso.

Mzee Toader alishika ukingo wa kiti. Jina lile lilimwingia kama maji ya barafu. Wayne mmoja tu ndiye aliyepata kumtamkia mkewe jina lake.

"Saveta," aliendelea padri. "Steluța. Sabina..."

"Eti nini?" Bi Saveta alipiga kelele. "Padri! Padri, mimi nipo! Nimesimama hapa kwa miguu yangu!"

Hakuna Mromania asiyejua maana yake. Jina la mtu mzima likisomwa kati ya wafu, ni kumwitia kifo. Kuna wanaofanya hivyo kwa makusudi, kwa adui.

"Bi Saveta, umekufa na sauti yako yote," alisema Pamfil.

"Usinichekee! Nani kanizika? Nani kaleta daftari hilo?"

"Bi Saveta, ni la wazima hilo," alisema Sabina, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. "Jeusi ndilo la wazima. La buluu ndilo la marehemu."

"Na huyo Wayne ni nani?" padri aliuliza, amechanganyikiwa.

"Ah, Wayne," alisema Pamfil. "Wayne ni wa kila Jumapili, sisi wa karibu na madhabahu tunamsikia. Padri wetu alishamzoea. Tunamwombea Wayne tangu mimi nina nywele. Tulidhani ni mkwe wa Mzee Toader."

Bi Saveta alikuwa ameshafika mbele. Alilichukua daftari mikononi mwa padri bila kuomba ruhusa, akaweka kidole kwenye ukurasa. Akasoma kwa midomo. Halafu sauti yake ikashuka, na watu walioijua sauti ile waliogopa zaidi kuliko alipopiga kelele.

"Toader. Wayne. Saveta," alisema. "Kabla ya mtoto wake wa kumzaa."

"Kuna nini, Bi Saveta?" Steluța aliuliza.

"Mama yako aliniambia anavyowapanga. Tulikuwa tunachambua ngano. Akasema, 'Walionichoma nawaweka juu, Saveta, nisije nikachoka kabla sijawafikia.' Nikacheka. Sikuuliza mimi niko wapi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Mwaka wa tisini na nne nilisema mkate wake unanuka jiko, haufai madhabahuni. Nilisema mbele ya watu wote, hapo mlangoni. Alichukua mkate wake akaenda nao nyumbani."

Watu wote walikuwa wanamtazama Toader sasa, bila kutaka kumtazama.

"Mume huandikwa wa kwanza popote," Pamfil alisema haraka. "Hilo ni la kawaida, Mzee Toader. Ni heshima."

"Ndiyo," alisema Toader.

Lakini alijua. Toader, kisha Wayne. Wawili wale waliwekwa pamoja, kama walivyosimama pamoja siku ile langoni wakicheka. Paraschiva alisikia. Alielewa kila neno. Akarudi nyumbani akapakua supu, na Jumapili iliyofuata akawaandika.

Steluța alimgeukia padri. "Padri, utuwie radhi. Baba kasahau miwani. Ndivyo alivyo, kila siku anasahau."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Paraschiva alikuwa ameuacha wazi kwa miaka yote hii, na sasa binti yake alikuwa anaushikilia bila kujua. Toader alihitaji kunyamaza tu.

Alitia mkono mfukoni, akatoa miwani.

"Sikuisahau," alisema. "Vaa, Pamfil."

Pamfil akaivaa. Akatazama dari, akatazama mkono wake. "Mbona ni vioo tu hivi?"

"Ni vioo tu. Mimi sijui kusoma."

Kuna mtu aliyeanza kucheka akaacha.

"Baba!" alisema Steluța. "Si ulikuwa unakagua madaftari yangu ya shule?"

"Nilikuwa naangalia kama ni safi."

Steluța akafunika mdomo.

"Sijawahi kujua," Toader alisema. "Mama yako ndiye aliyekuwa ananisomea. Ndiye aliyenificha. Mimi nilichukua jeusi kwa sababu ni jeusi. Bi Saveta, unisamehe. Wote nisameheni."

Bi Saveta alikuwa bado ameshika daftari.

Padri kijana alikuwa mtu mwenye busara kuliko ndevu zake. "Mzee wangu," alisema, "marehemu wenu unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Basi nitajie kwa mdomo, nami nitawataja. Daftari litakuja siku nyingine."

Toader akasogea mbele. Akataja. Ilarion, mpiga kengele, baba yake Paraschiva. Catrina, mama yake. Akataja wazazi wake mwenyewe, na kaka yake Zaharia aliyeandika ile barua kutoka jeshini. Padri akarudia kila jina, na Pamfil akaitikia kwa wimbo. Mwishowe Toader akasogea hatua moja zaidi.

"Paraschiva," alisema. "Mke wangu."

"Jina linatosha, mzee. Mungu anamjua."

"Halitoshi, Padri. Kuna siku niliulizwa, nikasema si mke wangu. Nilisema mbele ya huyo Wayne. Naye alikuwa amesimama nyuma yangu na mayai."

Padri akageukia madhabahu.

"Na Paraschiva," aliimba, "mke wa Toader."

Waliinua sahani ya ngano, wakaitikisa taratibu kama kawaida, wakiimba wimbo wa kumbukumbu ya milele. Asiyeifikia sahani aliweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake. Toader alisikia mkono mzito umemwangukia begani. Ulikuwa wa Bi Saveta. Haukuwa mkono wa kumfariji. Ulikuwa unamshika kama mtu anayeshika nguzo.

Walipokula, Bi Saveta alisema ngano haikuiva vizuri. Hakuna aliyebisha.

Alasiri Sabina alimrudisha babu yake nyumbani, akaketi naye jikoni. Aliweka madaftari yote mawili mezani.

"Bibi alisema nyeusi haionyeshi mafuta," alimwambia. "Wazima anawashika kila siku, mikono ina mafuta. Marehemu anawafungua mara chache, ndiyo maana akawapa la buluu."

"Hakuniambia."

"Hukumwuliza, Babu."

"Sikumwuliza."

Sabina alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Alitazama zile herufi kubwa, zilizosimama vibaya kama ua lililopigwa na upepo. Hakuuliza nani aliziandika.

"Huyu sasa tunamhamisha," alisema.

"Lete. Nitamhamisha mimi."

Alichukua penseli. Sabina alishika daftari la buluu lisiteleze. Toader akaandika jina la mkewe kwa mara ya pili maishani, na safari hii hakuhitaji kipande cha boksi. Kisha Sabina akalifuta lile la kwanza katika daftari jeusi, akapeperusha uchafu wa kifutio, akarudi ukurasa wa kwanza wa majina.

"Babu, na hapa juu? Watu watasoma. Nikupeleke chini, karibu na Mama na mimi? Wayne nimtoe?"

Toader alitazama ukurasa. Jina lake mwenyewe aliweza kulisoma. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa Paraschiva, mkono uliotulia, bila kukandamiza kalamu, wala bila haraka.

"Wayne mwache," alisema. "Na mimi usinisogeze."